Sauti Iliyonuka Mafuta ya Taa

Harufu ndiyo iliyotangulia. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya saruji ya bohari tunamopokea vitu vya mitumba, hapa Haltom City, Texas, nikikata utepe wa kasha lililoletwa na watoto wa mzee mmoja wa mji wa Richardson aliyefariki, na kabla sijaona kilichokuwamo nikanusa mafuta ya taa. Yalikuwa yamevuja kutoka katika kandili kuukuu lililolazwa juu ya vitu vingine, yakalowesha gazeti lililolizunguka. Nikalitoa kandili, nikaliandika katika orodha. Chini yake palikuwa na gramafoni ya kubebeka, ya kuzungusha kwa mkono, ndani ya kisanduku cha ngozi nyeusi iliyochubuka. Kando yake santuri kumi na moja za zile za kale, nzito, zinazovunjika kama vigae. Na pembeni kabisa, kibati cha dawa ya koo kilichojaa miiba.

“Mwalimu, umeona nini huko?” aliuliza Wambui, mama wa Kikenya kutoka Nakuru ambaye hupima vifaa vya umeme kwenye meza iliyo jirani na yangu. “Umenyamaza ka mtu amekanyaga nyoka.”

“Miiba,” nikamwambia.

“Miiba? Nani ana-donate miiba?”

“Ni sindano za gramafoni. Miiba ya mpungate, ule mmea wa jangwani, imechongwa. Ya chuma hula santuri. Ya mwiba huihurumia.”

Alikuja, akakichungulia kile kibati, akatikisa kichwa. “Hii Texas nayo! Siku moja tutaletewa mawe na waitishe risiti.”

Nilicheka kwa sababu ya heshima, huku nikizihesabu upya zile santuri. Kwa wasomaji wa rika langu sihitaji kueleza jinsi kitu kidogo kinavyoweza kumshika mtu mzima shingoni na kumrudisha alikotoka. Nilijua papo hapo ninachokitafuta ndani ya kasha lile. Nilitafuta santuri moja, na ndani ya santuri hiyo sauti moja, ambayo kwa maisha yangu yote niliamini kwamba niliifuta kwa mkono wangu mwenyewe nikiwa na miaka sita. Na nilijua ninaitafuta kwa ajili ya nani. Mama yangu, ambaye ninaishi naye, alikuwa ameanza kupotewa na kumbukumbu tangu majira ya baridi. Asubuhi nyingine aliniita kwa jina la mjomba. Nilikuwa na deni la maneno kwake, na muda wa kulitamka ulikuwa unayeyuka mbele ya macho yangu.

Nyumba yetu ya utotoni, kule Uvira, ilikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na pazia. Baba alikuwa karani wa ghala la pamba, na meneja wa ghala hilo alipofungasha na kurudi kwao Ulaya alimwachia gramafoni na santuri saba. Zote zilikuwa za muziki wa dansi wa Kimarekani, wa zamani hata kwa kipimo cha wakati ule: wa kabla bendi hazijawa kubwa na laini, kabla ya mtindo wa swingi, enzi ambapo banjo ilikwaruza mahali pa gita na tarumbeta nene la besi lilinguruma mahali ambapo baadaye pangekuja besi ya nyuzi. Haya nimeyajua ukubwani. Wakati ule nilijua tu kwamba ulikuwa muziki unaotembea kwa miguu miwili, kushoto kulia, kushoto kulia, kama askari mnene aliyefurahi.

Sindano za chuma ziliisha mapema, na dukani hazikupatikana. Baba akagundua mwiba wa mlimau. Uliokauka vizuri, ukachongwa kwa wembe kwa mshazari, ulidumu kwa santuri mbili. Kuichuma ilikuwa kazi yangu, kwa kuwa mkono wangu ulipenya matawini. Kuichonga ilikuwa kazi yake. Kazi yangu ya pili, iliyo kubwa zaidi, ilikuwa mpini. Kamani ya gramafoni ile, yaani springi iliyozungusha santuri, ilikuwa imechoka: ilijaa nusu tu, na kila santuri ilipofika katikati ilianza kulegea na muziki ukazama kama mtu anayesinzia. Basi nilipiga magoti mbele ya kisanduku, sikio likiwa karibu na tundu la sauti, nikazungusha bila kuacha hadi mwisho. Ukigeuka nyuma, unapunguza mwendo. Ukipunguza mwendo, bendi nzima inalewa.

Jumamosi jioni Baba alipotoka kazini aliingia chumbani, nyuma ya pazia, kunyoa ndevu. Mama alibaki sebuleni akichambua mchele. “Papa,” aliniambia, maana kwetu mama humwita hivyo mtoto wake wa kiume akimpenda, “weka ile ya baba yako.”

“Baba haji kusikiliza?”

“Acha baba yako anyoe. Atasikia kule kule. We zungusha tu, usigeuke-geuke.”

“Ile ya baba yako” ilikuwa santuri ambayo karatasi yake ya katikati ilikwisha kung’oka, ila nilitambua pengo dogo ukingoni, lililofanana na kucha iliyotafunwa. Ilianza kwa klarineti tatu zilizoshuka ngazi pamoja. Katika muziki ule mwimbaji hakuwa mwenye wimbo, alikuwa mgeni. Bendi ilipiga mzunguko wa kwanza bila yeye, ikapiga wa pili, na ndipo akaingia, akaimba ubeti mmoja tu, akaondoka, na bendi ikamaliza kama vile hakupita. Santuri kadhaa kati ya zile saba zilikuwa hivyo, zenye waimbaji wa puani, wembamba, walio mbali. Lakini wa santuri hii alikuwa karibu. Sauti yake ilikuwa ya bati, ya kwikwi za kicheko kilichozuiwa, na maneno yake yalikuwa ya Kiingereza kisichofanana na kile cha wengine. Na alinuka. Kila alipoanza kuimba, harufu ya mafuta ya taa ilijaa chumba, na aliponyamaza ikaondoka.

Sikuona ajabu. Juu ya bahasha moja ya santuri palikuwa na picha ya bwana mwenye suti nyeusi akiimba ndani ya faneli kubwa, maana ndivyo walivyofanya waimbaji wa enzi ile ili wasikike mbele ya matarumbeta. Mimi katika maisha yangu niliifahamu faneli moja tu, ile ya bati iliyoning’inia jikoni, tuliyomiminia mafuta kwenye taa. Kwa hiyo nilihitimisha, kwa mantiki ambayo hata leo siwezi kuitia dosari, kwamba Wamarekani huimbia kwenye faneli, kwamba faneli hunuka mafuta ya taa, na kwamba huyu mmoja alisahau kuiosha yake. Nilimwambia Mama. Alicheka hadi mchele ukamwagika kutoka kwenye ungo, akaita kuelekea pazia: “Baba Juma, umesikia mutoto wako? Anasema Mumarekani ananuka!”

“Mwambie aache kumtukana mgeni,” Baba alijibu kutoka nyuma ya pazia. “Atakataa kurudi.”

Hayo maneno niliyachukulia kwa uzito wote wa miaka sita.

Kisha zikaja siku ambazo wakubwa walizungumza kwa sauti ya chini na duka la jirani likawa halifunguliwi. Jumatatu moja Baba alipanda lori la ghala kwenda kusini, upande wa mji wa Baraka, kuhesabu marobota yaliyokwama huko. Alisema Jumamosi atakuwa nyumbani. Jumamosi ilipofika niliamua kwamba akishuka kwenye lori akute wimbo wake tayari unapiga. Mama alikuwa amekwenda kusimama barabarani pamoja na wake wengine wa waliosafiri. Nikafungua kibati cha miiba: kitupu. Mlimau ulikuwa wa jirani, na jirani alikuwa amefunga lango na kuhama. Ndani ya kisanduku cha viatu cha Baba palikuwa na misumari midogo ya kupigia soli. Nikachagua mwembamba kuliko yote, nikaukaza mahali pa sindano, nikateremsha mkono wa gramafoni.

Mlio uliotoka siwezi kuuandika. Msumari haukufuata mfereji. Uliruka, ukachimba, ukavuka santuri kutoka ukingoni hadi karibu na katikati, ukaacha mstari wa kijivu. Nikautoa upesi. Nikatafuta chini ya meza, nikapata mwiba mmoja uliotumika, nikauweka, nikaanza upya. Klarineti zikashuka, zikigonga kwenye mkwaruzo kila mzunguko, tak, tak. Mzunguko wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Nikazungusha mpini kwa nguvu zangu zote, nikafika mahali pake. Tarumbeta lililozibwa mdomo likapiga peke yake, banjo chini yake, na hakuna aliyeimba.

Nilikuwa nimemfuta. Nilirudia mara nne. Nilimwomba radhi, kwa sauti, nikiinama kwenye lile tundu. Kisha nikafikiri, kwa makini, kama ninavyofikiri hadi leo: alikuwa na nini nilichoweza kumrudishia? Harufu. Nikaenda jikoni, nikaiangua faneli, nikamimina mafuta ya taa kwenye kitambaa, nikaipangusa santuri pande zote mbili, nikaiweka tena.

Hivyo ndivyo Mama alivyonikuta aliporudi peke yake kutoka barabarani: mikono imelowa, santuri inang’aa, faneli magotini mwangu, bendi ikipiga. Alisimama mlangoni. Nilisubiri kipigo. Badala yake alikaa chini, pale pale kizingitini, akaichukua faneli kutoka kwangu, akaikumbatia kwa mikono miwili na kulia kama sikuwahi kumsikia mtu akilia. Nilijua sababu: nilikuwa nimeharibu santuri ya Baba. Sikusema neno juu ya msumari, wala yeye hakuuliza. Faneli hiyo haikurudi jikoni. Kuanzia siku ile alimimina mafuta moja kwa moja kutoka chupani, akimwaga nusu mezani, na sikuthubutu kumuuliza kwa nini.

Lori halikurudi. Kaburi hatukuoneshwa. Tulipokimbia mapigano, gramafoni ilibaki, na mimi nikaondoka na hesabu yangu ya kitoto: nilimtukana mgeni, nikamfuta kwa msumari, na Baba hakurudi kwa kuwa hakukuwa tena na wimbo wa kurudia. Mapadri walionisomesha walinipa Kilatini, Kigiriki kidogo na tabia ya kuhakikisha kila kitu mara mbili. Niliihakiki na hesabu hii nikaona upuuzi wa nusu yake ya pili. Nusu ya kwanza sikuwa na sababu ya kuitilia shaka. Miaka ya kambini upande wa Kigoma, nikifundisha chini ya turubai, na miaka ya hapa, nikiorodhesha vyombo vya marehemu, niliishi nikijua kwamba mahali fulani duniani pana nakala ya santuri ile ambayo mkono wangu haukuigusa, na ndani yake yule bwana bado anaimba.

Santuri ya saba kutoka juu, ndani ya kasha la Richardson, ilianza kwa klarineti tatu zikishuka ngazi.

Nilikuwa nimeiomba kwa msimamizi kabla ya kuisikiliza. Santuri za aina ile hatuuzi, hutupwa, naye alinitilia saini huku akicheka kwamba mtu mmoja tu Texas nzima ndiye angeomba kibali cha kuchukua takataka. Wakati wa chakula cha mchana niliiweka gramafoni juu ya meza ya Wambui. Kamani yake ilikuwa nzima, haikuhitaji mtu. Nikasimama mikono mitupu.

“Mwalimu, hii si muziki,” alisema Wambui akitafuna. “Hii ni mvua kwa mabati.”

“Ngoja. Kuna mtu anakuja.”

“Nani?”

“Ngoja tu.”

Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Mahali pake pakafika, na tarumbeta lililozibwa likapiga peke yake hadi mwisho wa ubeti. Santuri ilikuwa safi, nyeusi, bila mkwaruzo hata wa unywele. Wambui aliacha kutafuna. “Hajakuja?” aliuliza, kwa upole ambao sikuutarajia.

Nikaisoma karatasi ya katikati. Nyingine katika kasha zilikuwa zimechapwa wazi kwamba zina mwimbaji. Hii ilitaja mtindo wa dansi na jina la bendi, basi. Nilidhani ni uzembe wa mchapaji. Nilidhani ni toleo jingine, kwani bendi za wakati ule ziliweza kurekodi kipande kimoja mara kadhaa, na bendi tano tofauti zikapiga wimbo mmoja. Kwa wiki sita nilipekua hazina za muziki wa kale zilizowekwa mtandaoni, nikisikiliza nakala baada ya nakala na kuandika maelezo ya kila moja. Nyingine zilikuwa na waimbaji. Hakuna aliyekuwa na ile sauti ya bati, wala kile kicheko kilichozuiwa. Kila nilipofunga daftari nilikuwa mbali zaidi na nilikoanzia, na kila jioni Mama alikuwa amepoteza kitu kingine: jina la mtaa, siku ya juma, njia ya kutoka bafuni.

Hatimaye nilikubali kumpelekea nilichokuwa nacho. Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Nilimkalisha kwenye kochi, dirisha likiangalia maegesho ya magari, shuka la kumkinga na baridi ya kiyoyozi magotini. Nikaweka ile gramafoni, niliyoinunua bohari, juu ya kimeza. Kwanza nikasema nililopaswa kulisema nilipokuwa na miaka sita.

“Mama, ile santuri ya Baba. Ni mimi niliyeiharibu. Nilitia msumari.”

Alinitazama kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za familia nyingine. “Musumari gani, papa?”

“Wa viatu. Siku ile lori lilipokawia.”

“Utajichoma,” alisema, akanishika vidole na kuvikagua kimoja kimoja. “Onyesha. Hapana damu.”

 Nikapiga magoti, nikazungusha mpini, nikaweka mwiba wa mpungate katika mfereji wa kwanza.

Klarineti ziliposhuka, mkono wa Mama uliondoka juu ya shuka, ukaanza kupiga goti, kushoto kulia. Uso wake ulikusanyika. Alikuwa anaijua, aliijua kila kona. Mzunguko wa pili ulipokaribia mwisho, aliinua kidole kuninyamazisha, ingawa sikuwa nimesema kitu, na akageuza kichwa. Hakuitazama gramafoni. Alitazama juu ya bega langu, kwenye mlango wa bafu nyuma yangu, akitabasamu kama mtu aliyeshiriki katika mzaha.

Tarumbeta likapiga peke yake. Tabasamu lake likasubiri. Likasubiri hadi mwisho wa ubeti, kisha bendi nzima ikaingia, na likafifia.

“Mbona leo haimbi?” aliuliza.

“Nani, Mama?”

“Baba yako.” Alinishangaa. “Umeweka wapi faneli?”

Santuri ikaendelea kuzunguka hadi ikaisha, sindano ikigonga mwisho wa mfereji, na mimi nikiwa pale sakafuni. Niliisikia tena harufu, ingawa ndani ya nyumba ile hapakuwa na tone la mafuta. Nyuma ya pazia. Kila Jumamosi, faneli ya jikoni mdomoni, akiimba Kiingereza asichokijua, ili mtoto mmoja mwenye mpini mkononi aamini kwamba Mmarekani amekuja. Na nilikuwa nimeishika faneli hiyo kwa mikono yangu, siku ile lori lilipokawia.

Mtu angetegemea nijisikie mwepesi. Msumari wangu haukumfuta yeyote. Lakini lile kosa lilikuwa tegemeo langu, na sikuwa nimelijua hivyo: maadamu ni mimi niliyeifuta sauti ile, ilikuwapo nakala nzima mahali fulani, na kazi yangu ilikuwa kutafuta tu. Sasa hapakuwa na mahali pa kutafuta. Hakuna kasha, hakuna hazina, hakuna mzee wa Richardson aliyeihifadhi. Iliimbwa ndani ya chumba kimoja, mbele ya watu wawili, na mmoja wa hao wawili alikuwa anasahau, na wa pili hakuwahi kugeuka kumwona. Nilifungua mdomo nimwimbie Mama, angalau ubeti ule mmoja. Maneno yake hayakuwa maneno. Sikukumbuka hata silabi.

Mama alinigusa bega. Hakuwa na huzuni. Alikuwa na subira, ile ya mke anayemjua mumewe.

“Anza tena, papa,” alisema. “Pengine hajamaliza kunyoa.”

Nikauondoa mwiba, nikaweka mpya. Nikazungusha mpini hadi kamani ikakaza. Kisha nikaliinamia lile tundu, mgongo wangu ukiwa umeelekea mlango wa bafu, na klarineti zilipoanza kushuka ngazi sikugeuka nyuma.